Chawa wa Magome wa Ngara na Biharamulo

Chawa wa magome ni wadudu wadogo wenye mwili laini wanaoishi juu ya magome, matawi na majani ya miti na vichaka, wakila ukungu, mwani na kuvumwani, yaani vile vibaka vya kijivu au kijani vinavyotambaa juu ya gome la mti mkongwe. Wengi wana urefu wa kati ya milimita 1 na 6; wachache wa nchi za joto hufika milimita 10. Jina la chawa lisimtishe mtu. Wadudu hawa hawanyonyi damu wala utomvu, hawaumi, hawatoboi gome, na mti uliojaa mamia yao haudhuriki. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, makazi yanayowafaa yako kila upande: migomba yenye majani makavu yanayoning'inia shinani, mibuni ya zamani iliyovaa kuvumwani, miembe na miparachichi ya uani, na mapori ya miombo yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Duniani zimeshaelezwa kisayansi zaidi ya spishi 5,500 za wadudu hawa. Kwa muda mrefu waliwekwa katika oda yao peke yao, Psocoptera, wakitengwa na chawa wa kweli wanaoishi kwenye nywele na manyoya. Utengano huo umekufa. Mwaka 1985 Christopher Lyal alionyesha kwa kulinganisha maumbile kwamba chawa wa kweli wana undugu wa karibu sana na familia moja ya chawa wa magome, Liposcelididae, na uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye na Kazunori Yoshizawa wa Japani na Kevin Johnson wa Marekani ukathibitisha undugu huo. Leo wote wamo katika oda moja, Psocodea. Maana yake ni kwamba chawa wa kichwani ni tawi la ukoo ambao wengi wake bado wanakula ukungu mitini. Yaelekea baadhi ya mababu zao walizoea kuishi katika viota vya ndege na wanyama, wakila vumbi na ukungu wa humo, kisha wakahamia mwilini mwa mwenye kiota. Ukoo wenyewe ni wa kale: kaharabu ya Myanmar, yenye umri wa karibu miaka milioni 100, imehifadhi mdudu wa kundi la Liposcelididae, Cretoscelis burmitica, akiwa na umbo linalofanana sana na wa leo.

Anayetaka kumjua chawa wa gome aanze na kichwa. Chini ya lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kichwa huonekana kikubwa kuliko mwili unavyostahili, na mbele yake, katikati ya macho na mdomo, pamevimba paji la mviringo. Uvimbe huo una kazi: ndani yake imejaa misuli inayoendesha mdomo. Kutoka pembeni mwa paji huchomoza vipapasio viwili virefu na vyembamba, mara nyingi virefu kama mwili mzima, ambavyo havitulii hata mdudu mwenyewe anaposimama. Macho hutokeza pembeni. Nyuma ya kichwa shingo ni nyembamba na dhahiri, kifua hupanda na kufanya nundu, na tumbo ni laini, lisilo na pembe wala mkia wowote. Mwenye mbawa ana jozi mbili, za mbele kubwa kuliko za nyuma, naye anapotulia huziegemeza juu ya mgongo kama paa la nyumba. Wapo pia wakomavu wenye mbawa fupi, na wengine wasio nazo kabisa.

Mwendo wake nao ni alama. Akiguswa kwa ncha ya unyasi harukiruki kama kiroboto. Hukimbia upesi, na mara nyingi huzunguka upande wa pili wa tawi ili gome limkinge. Anaweza kurudi kinyumenyume au kwenda upande bila kugeuza kichwa. Mwenye kuangalia mti kwa haraka huona tu kwamba kitu fulani kilikuwapo na sasa hakipo.

Wadudu wanaofanana naye ni wengi, na makosa ya kuwachanganya ni ya kawaida. Vidukari hukaa kimya kwenye chipukizi changa, wametumbukiza mrija wa mdomo ndani ya mmea. Chawa wa gome ana meno ya kutafuna na hutembeatembea. Vithiripi ni wembamba, na mbawa zao ni vijiti vyenye manyoya ya pembeni. Kumbikumbi ana mbawa nne za urefu ule ule zinazolala bapa mgongoni, na vipapasio vyake vimeungwa kwa vipingili vinavyofanana na shanga. Psila, mdudu mdogo wa majani ya michungwa, ndiye anayedanganya zaidi kwa sababu naye huezeka mbawa zake. Lakini yeye huruka kwa mguu wa nyuma, vipapasio vyake ni vifupi, na paji lake halikuvimba. Paji lililovimba pamoja na vipapasio virefu vinatosha kumaliza shaka katika hali nyingi.

Namna anavyokula inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mbali na meno mawili ya kutafuna, ana vijiti viwili vigumu vyenye ncha kama patasi, vinavyoweza kutokezwa nje ya mdomo. Mdudu huvikita kwenye gome, akajishikiza navyo, huku meno yakikwangua mwani na mbegu za ukungu. Mahali alipolisha hubaki mstari mwembamba uliosafishwa, na juu ya gome lenye mwani mwingi mistari hiyo huonekana hata bila lenzi. Maji hupata kwa njia ambayo wadudu wachache sana wanaiweza. Ndani ya mdomo kuna vibamba viwili vinavyotoa umajimaji unaonasa mvuke wa hewa. Mvuke ukishageuka maji, mdudu huyanywa. Liposcelis anaweza kuishi hivyo mradi unyevu wa hewa usishuke chini ya takribani asilimia 60. Ukishuka na kukaa chini kwa siku nyingi, hukauka akafa. Ndiyo sababu chakula kilichohifadhiwa mahali pakavu hakimpati mdudu huyu, na kilichowekwa penye unyevu kinampata.

Huyo Liposcelis ni yule chawa wa vitabu, kidudu bapa kisicho na mbawa, cha rangi ya chai, chenye urefu wa milimita moja hivi, kinachoonekana kwenye karatasi za zamani, unga na nafaka za ghalani. Spishi yake iliyoenea zaidi duniani, Liposcelis bostrychophila, ilielezwa kwanza na Mfaransa André Badonnel mwaka 1931 kwa vielelezo vya Msumbiji, vilivyotokana na safari ya mtaalamu wa mbawakawa Pierre Lesne ya 1928 na 1929. Karibu wote ni majike, na jike hutaga mayai yanayoanguliwa bila dume. Mdudu mmoja tu kwenye gunia anatosha kuanzisha jamii nzima. Lakini wa ghalani ni sehemu ndogo ya ukoo huu. Walio wengi wako nje, mitini, na hao ndio wanaohitaji kutafutwa.

Jike wa mtini hutaga mayai moja moja au kwa mafungu, kwenye ufa wa gome au kando ya mshipa wa jani. Spishi nyingi huyafunika kwa hariri, nyingine huyapaka kinyesi kikakauka na kuwa ganda. Hariri hutoka kwenye tezi zilizo mdomoni. Yai huanguliwa tunutu anayefanana na mzazi wake, ila hana mbawa, na kwa kawaida hupita hatua sita, akijivua ngozi kila mara, ndipo awe mkomavu. Hakuna hatua ya buu wala ya pupa. Baadhi ya matunutu wa familia ya Psocidae wana nywele zenye utomvu unaonasa vumbi na chembe za gome, nao hutembea wamejifunika uchafu huo kiasi kwamba jicho haliwatofautishi na gome lenyewe.

Wengine huishi kwa makundi. Matunutu kumi, ishirini au zaidi hukaa wamebanana mahali pamoja kwenye shina, na mmoja akishtuka wote hutawanyika, kisha baada ya muda hukusanyika tena. Familia ya Archipsocidae, inayopatikana katika nchi za joto ikiwa ni pamoja na Afrika, imekwenda mbali zaidi: jamii nzima husuka utando wa hariri juu ya shina, nayo huishi na kula chini yake. Utando huo unaweza kupanda kutoka shinani hadi kwenye matawi makubwa, ukang'aa asubuhi hata wenye mti wakadhani ni ugonjwa. Mti hauhitaji dawa yoyote. Utando huchakaa na kuanguka wenyewe, na gome la chini yake hubaki zima.

Ngara na Biharamulo zinapakana, lakini kwa mdudu anayeishi kwa unyevu wa gome hazifanani. Miji yake mikuu iko umbali wa takribani kilomita 75 kwa mstari ulionyooka. Ngara, upande wa mipaka ya Rwanda na Burundi, ni nchi ya vilima na mabonde yanayoteremkia mito ya Ruvubu na Kagera. Mashamba ya migomba na mibuni hupanda hadi juu, na asubuhi za mvua ukungu hulala mabondeni. Biharamulo ni tambarare zaidi, na sehemu kubwa ya mapori yake ni miombo, yenye miti kama myombo na mninga, inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, vuli na masika, halafu hufuata kiangazi kirefu kuanzia Juni. Idadi ya chawa wa magome hupanda na kushuka kwa kufuata unyevu huo, kwa hiyo mti uliokaguliwa Agosti tu haujakaguliwa.

Pa kuanzia ni kwenye mgomba. Majani yaliyokauka ambayo hayajakatwa huning'inia kuzunguka shina, yakijikunja na kufanya vyumba vyenye giza na unyevu, na juu yake huota ukungu mweusi na wa kijivu. Duniani kote majani makavu yanayoning'inia ni makazi makuu ya jenasi ya Ectopsocus, wadudu wadogo wa kahawia wenye mbawa pana, wasiozidi milimita 2 au 3. Jani moja likikunjuliwa taratibu juu ya kitambaa cheupe, huanguka buibui, mende wadogo, viwavi, na kati yao vidudu vyenye vichwa vikubwa vinavyokimbia kutafuta kivuli. Mkulima anayesafisha mgomba wake kila wiki, akiondoa majani yote makavu kama wataalamu wa kilimo wanavyoshauri, atawapata wachache. Shamba lililoachwa msimu mmoja lina wengi.

Kwenye mbuni lipo jambo linalomhusu mkulima moja kwa moja. Vidugamba vya kijani hufyonza utomvu na kudondosha majimaji matamu. Juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi unaofunika jani kama masizi. Chawa wa magome huja kula ukungu huo. Mkulima akigeuza jani huona masizi, vidugamba vilivyotulia, na wadudu wanaokimbia, naye kwa haki kabisa huwashuku wanaokimbia. Wasiohusika ndio hao. Adui ni yule asiyetikisika. Dawa inayopulizwa kwa ajili ya chawa wa magome ni hasara tupu, na inaweza kuua pia wadudu wanaowinda vidugamba.

Katika miombo mambo hutegemea moto. Moto wa kiangazi huunguza nyasi na kulamba mashina kwa chini, hivyo mwani na kuvumwani hubaki zaidi kwenye matawi ya juu, kwenye miti iliyo kando ya miamba na vichuguu, na katika vijisitu vya mabondeni visivyofikiwa na moto kila mwaka. Huko ndiko Psocidae wakubwa wenye mbawa za madoadoa hutarajiwa zaidi. Mapori haya yamepitia mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikawa kwa muda miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kambi nyingine zilifuata, pamoja na Lukole ya wakimbizi wa Burundi. Kuni za kupikia watu wote hao zilitoka kwenye miti ya jirani, hadi Wanyarwanda waliporejeshwa kwao Desemba 1996. Pori lililochipua upya tangu hapo ni changa. Magome yake ni laini, na kuvumwani hukua polepole mno. Kulinganisha chawa wa magome wa pori hilo na wa pori ambalo halikuguswa ni mojawapo ya kazi zenye manufaa makubwa zinazoweza kufanywa katika wilaya hizi, kwa sababu mdudu anayekula kuvumwani hawezi kurudi kabla ya chakula chake.

Kutambua kunakwenda kwa ngazi, na ni vyema kusimama kwenye ngazi ambayo ushahidi unaifikia. Ngazi ya kwanza ni kujua kama mdudu amekomaa. Mkomavu mwenye mbawa ana macho madogo matatu ya nyongeza katikati ya yale makubwa, na mbawa zake hupita ncha ya tumbo. Tunutu ana vishina vya mbawa tu na hana macho hayo. Tunutu kwa kawaida hawezi kutajwa jina la spishi, hata na bingwa.

Ngazi ya pili ni kuhesabu vipingili. Oda ndogo ya Trogiomorpha ina vipapasio vyenye vipingili zaidi ya 20. Troctomorpha, kundi la chawa wa vitabu, ina vichache zaidi, aghalabu 15 au karibu na hapo. Psocomorpha, ambamo wamo wengi wa mitini, kwa kawaida ina 13. Nyayo pia huhesabiwa: zipo zenye vipingili viwili na zenye vitatu. Kazi hii inataka hadubini, ila mwenye lenzi nzuri ya kukuza mara ishirini na mdudu mkubwa anaweza kujaribu.

Ngazi ya tatu ni bawa la mbele, na hapa mambo yanapendeza. Karibu na ukingo wa nyuma wa bawa, kwenye familia nyingi, mshipa mmoja hujipinda na kufanya kidirisha kidogo. Kwa Psocidae kidirisha hicho kimeungana na mshipa wa katikati ya bawa, bawa lenyewe halina nywele, na wayo una vipingili viwili. Myopsocidae wanafanana nao, wamejaa madoadoa, lakini nyayo zao zina vipingili vitatu. Kwa Caeciliusidae kidirisha kimesimama peke yake bila kugusa mshipa huo, na mishipa ina nywele. Hawa ni wembamba, wengi wana rangi ya manjano au kahawia hafifu, nao hukaa zaidi kwenye majani mabichi kuliko kwenye gome. Peripsocidae na Ectopsocidae hawana kidirisha kabisa. Halafu wapo Lepidopsocidae wa kundi la Trogiomorpha, ambao mbawa zao zina ncha kali na zimefunikwa magamba kama ya nondo. Anayewaona kwa mara ya kwanza huwadhania kuwa nondo wadogo mno.

Baada ya familia njia huwa nyembamba. Spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi tu, vilivyo kwenye ncha ya tumbo: bamba la chini la jike, au kifaa kigumu cha dume. Viungo hivyo hukatwa, husafishwa na kuwekwa kwenye kioo cha hadubini. Picha ya simu, hata iwe nzuri kiasi gani, haionyeshi hayo. Picha inaweza kutosha kutaja familia na wakati mwingine jenasi, na kuiandika rekodi hivyo ni sahihi. Kulazimisha jina la spishi kwa sababu picha mtandaoni inafanana nalo ni kuharibu kazi.

Vifaa vya kukusanyia ni vya bei ndogo. Shuka nyeupe iliyotandazwa chini ya tawi, au mwavuli wa rangi nyepesi uliogeuzwa juu chini, hupokea wadudu tawi linapopigwa kwa fimbo mara mbili tatu za nguvu. Kupiga sana huangusha majani na uchafu unaowaficha. Wadudu wadogo hawashikwi kwa vidole, hupondeka. Huokotwa kwa brashi laini iliyoloweshwa spiriti, au kwa chupa ya kuvutia: chupa ndogo yenye mirija miwili katika kizibo, mmoja wa kumwelekea mdudu, mwingine wa kuvutia pumzi, uliozibwa kwa kitambaa chepesi ili mdudu asiishie mdomoni. Magome hukaguliwa kwa macho na brashi, hasa upande wa mti usiopigwa na jua. Majani makavu ya mgomba hukung'utwa.

Chawa wa gome hachomwi pini wala kukaushwa, maana mwili wake hunywea na kubaki ganda lisilosomeka. Huwekwa ndani ya kichupa chenye alkoholi, asilimia 80 kwa uchunguzi wa maumbile, au asilimia 95 na zaidi kwa anayekusudia kusoma vinasaba. Alkoholi hufifisha rangi, hasa za tumbo, hivyo ni busara kumpiga picha kwanza akiwa hai. Waliotoka mti mmoja, siku moja, kwa njia moja, hukaa kichupa kimoja. Wa mti mwingine hupewa chao.

Lebo ndiyo roho ya kazi yote. Kielelezo kizuri kisicho na lebo ni uchafu ndani ya chupa. Kielelezo kibovu chenye lebo kamili bado kina la kusema. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka katika alkoholi, nayo hutiwa ndani ya kichupa, si kubandikwa nje. Huandikwa nchi, mkoa, wilaya, kijiji, latitudo na longitudo kama simu inavyozitoa, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa herufi, aina ya mti, sehemu ya mti, njia iliyotumika na jina la mkusanyaji. Kwa mfano: Tanzania, Kagera, Ngara, Rulenge, kisha vipimo, halafu "majani makavu ya mgomba, kwa kukung'uta". Jina la mti likijulikana kwa Kihangaza au Kisubi tu, liandikwe hivyo hivyo pamoja na jina la lugha. Mtaalamu wa mimea ataweza kulifuatilia. Neno "mti" peke yake halimsaidii mtu. Inafaa pia kuandika miti iliyokaguliwa bila kupatikana kitu, jambo ambalo wakusanyaji wengi hulisahau, kwa kuwa bila hiyo haijulikani kama mahali hapana wadudu au hapana aliyetazama.

Kuangalia na kupiga picha shambani kwa mtu, kwa ruhusa yake, hakuna ugumu. Utafiti rasmi una taratibu zake. Kibali cha utafiti nchini hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Utafiti katika maeneo ya wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna linalofanyika bila TANAPA. Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, iko chini ya utaratibu huo. Misitu ya hifadhi ya serikali iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kupeleka vielelezo nje ya nchi kunataka kibali chake.

Rekodi za picha zinaweza kuwekwa kwenye jukwaa la iNaturalist, lililoanzishwa mwaka 2008, ambako watu wa nchi mbalimbali husaidiana kutambua viumbe. Zikithibitishwa na kutimiza masharti ya leseni, hupita kwenda GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe; tawi lake la Tanzania, TanBIF, liko COSTECH. Vielelezo vyenyewe mahali pake ni makumbusho au mkusanyo wa chuo kikuu, panapotunzwa alkoholi isikauke.

Mwenye kufika ngazi ya spishi ataegemea kazi chache zilizopo. Günther Enderlein wa Ujerumani alieleza spishi nyingi za Afrika mwanzoni mwa karne ya 20. Badonnel aliendelea kwa miongo mingi, na kitabu chake cha 1955 juu ya Angola bado kinatumika. Kwa eneo hili kazi ya msingi ni ya Broadhead na Richards, iliyochapishwa mwaka 1982, kuhusu chawa wa magome wa Afrika Mashariki, uainishaji wao na mazingira wanamoishi. Mwaka 2002 Charles Lienhard wa Geneva na Courtenay Smithers wa Australia walitoa orodha ya dunia nzima, inayomwezesha msomaji kujua kila spishi ilielezwa wapi na nani.

Edward Broadhead huyo huyo, aliyefundisha Leeds, alionyesha mapema faida ya kuwatazama wadudu hawa kwa uvumilivu. Mwaka 1958 alichapisha uchunguzi wa spishi zilizoishi pamoja kwenye miti ya lachi kaskazini mwa Uingereza, akionyesha jinsi zilivyogawana mti mmoja kwa chakula na kwa mahali pa kukaa. Miaka ishirini baadaye, pamoja na wenzake, alieleza jinsi Mesopsocus unipunctatus alivyokuwa mweusi zaidi katika maeneo ambayo moshi wa viwanda ulikuwa umeua kuvumwani na kutia magome masizi. Nchini humo leo upo mpango wa taifa wa kurekodi chawa wa magome, unaoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, ambamo nchi imegawanywa kwa miraba ya kilomita 10 na kila rekodi huangukia ndani ya mraba wake. Spishi zilizo kwenye orodha yao ni takribani mia moja tu, idadi ndogo kwa kipimo cha nchi za joto.

Mpango wa namna hiyo unaweza kufuatwa Ngara na Biharamulo bila gharama kubwa. Shule ya sekondari yenye bustani, migomba na hadubini moja inaweza kuchagua miti kumi, ikaitia namba, na kuikagua kila mwezi kwa idadi ile ile ya mapigo ya fimbo, ikiandika tarehe, hali ya hewa na wadudu walioanguka kwa familia. Usawa wa njia ndio unaoyapa matokeo thamani. Mwezi mmoja mapigo matatu na mwezi mwingine thelathini, hesabu hazilinganishiki. Miti kando ya barabara kuu ya Lusahunga kwenda Rusumo, yenye malori na vumbi, inaweza kulinganishwa na miti ya aina ile ile iliyo ndani ya vijiji.

Majina yatakayoandikwa mwanzoni yatabadilika. Mdudu aliyeandikwa Psocidae mwaka huu anaweza kupewa jenasi mwaka ujao, na spishi miaka kumi baadaye, au ikaonekana kwamba alikuwa wa familia nyingine tangu awali. Hilo likitokea lebo ya kwanza haiondolewi wala kufutwa. Lebo ya pili hutiwa ndani ya kichupa hicho hicho, yenye jina jipya, jina la aliyelitoa na mwaka alioutoa, na marekebisho hayo hayo hufanywa kwenye daftari na kwenye rekodi ya mtandaoni.